Ng'ombe wa Bangoni

Ng'ombe huyo anafahamika nchi nzima, ingawa hakuna aliyewahi kumkamua. Ni mweupe mwenye mabaka meusi, kiwele kimejaa, ngozi inang'aa, na nyuma yake yametanda majani mabichi yasiyo na mwisho chini ya anga lisilojua vumbi. Amesimama juu ya milango ya maduka ya dawa za mifugo kutoka Tunduma hadi Tarime, na ukivuka mpaka utamkuta tena Kisii na Nyeri akilinda agroveti za huko. Kushoto kwake huwekwa kuku mweupe wa kisasa, kulia mbwa wa Kijerumani aliyesimamisha masikio, na chini yao, pale fundi alipoona bango limebaki na nafasi, paka mwenye manyoya mengi ambaye mtaa mzima haujawahi kumwona wa aina yake. Kisha namba za simu. Chini ya bango la namna hiyo, kwenye kivuli chake hasa, nilimwona mama amesimama na mbuzi wa kienyeji mwenye kamba ya katani shingoni, mbuzi wa rangi ya udongo, sikio moja lina pengo, anakohoa. Ilikuwa Morogoro, mji wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walikosomea madaktari wengi wa mifugo wa Tanzania. Wa juu hakuumwa wala hakupona. Wa chini alikuwa anangoja zamu.

Fundi wa mabango hana kosa. Anaingia mtandaoni kutafuta ng'ombe, mtandao unamletea yuleyule, anamkata, anambandika, kazi imekwisha na mteja amefurahi. Asili ya ng'ombe huyo ni Friesland, Uholanzi, na huko picha yake haisemi uongo: ng'ombe wako hivyo na malisho yako hivyo. Hata huku kwetu anafugwa, Kilimanjaro, Njombe, Tanga, na nyanda za kati za Kenya, na kina mama waliosomesha watoto kwa maziwa yake watakuwa na haki ya kunizomea nikimdharau. Lakini ng'ombe walio wengi Tanzania ni wa asili, wafupi, wenye nundu, wavumilivu wa kiu na kupe. Wazee walipotafuta namna ya kumsifu mtu anayebeba lake bila kulalamika walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Wa bangoni hana nundu. Angekuwa ndiye peke yake tuliyemjua, methali hiyo isingezaliwa. Na mtu mwenye zebu wake wawili, ambaye tangu utotoni ameambiwa kwamba ng'ombe wa maskini hazai, akiinua macho na kuona lile umbo la kizungu juu ya mlango anaweza kuamini kwamba humo ndani hutibiwa ng'ombe wa watu wengine.

Siku hizi mambo yanabadilika kidogo. Madaktari vijana waliofungua kliniki za wanyama katika miji mikubwa, Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa, wameanza kuwaita wapiga picha wa kulipwa. Wanataka jina, wanataka sura, wanataka mteja akifungua simu aione kliniki kabla hajafika mlangoni. Sioni aibu katika hilo. Daktari amesoma miaka mingi, amelipa pango, amenunua jokofu la chanjo ambalo umeme ukikatika humkosesha usingizi. Ana haki ya kuonekana. Ninachotaka kukitazama ni kile kinachotokea kati ya lenzi na mnyama, kwa sababu hapo pana jambo ambalo hatuna budi kulikubali mapema: katika chumba kile watu wote wanajua wamekuja kufanya nini isipokuwa yule ambaye picha ni yake.

Mpiga picha anayeijua kazi hii huanza kwa kupiga magoti. Ukimpiga mbwa picha ukiwa umesimama unapata kichwa kikubwa na miguu iliyofifia, mnyama anayeomba. Ukishuka usawa wa macho yake unapata kiumbe anayekutazama. Halafu anazima flashi. Nyuma ya jicho la mbwa, la paka, la mbuzi na la ng'ombe kuna utando unaorudisha mwanga ili mnyama aone katika giza hafifu, na flashi ikiugonga, macho yanawaka kijani na manjano. Picha iliyokusudiwa kuleta wateja inaleta majinamizi. Kwa hiyo meza husogezwa dirishani, kazi ikafanywa kwa jua la asubuhi. Mnyama mweusi ni mtihani wa peke yake, maana kamera ikiachiwa iamue yenyewe hutaka kila kitu kiwe kijivu, na paka aliyeingia mweusi tii anatoka rangi ya majivu. Mwenye mbuzi anaambiwa asisimame nyuma ya kamera akiita jina, kwa sababu mboni ya mbuzi imelala kwa mapana, inaona pande karibu zote kwa pamoja, wala haimlazimu kugeuza kichwa ili ajue uko wapi. Yaliyobaki ni kungoja, na kungoja ndiko hasa kunakolipiwa.

Wakati wa kungoja ndipo hutofautiana aliyesoma wanyama na aliyesoma kamera tu. Mbwa anayelamba midomo bila chakula mbele yake, anayeonyesha weupe wa jicho, aliyeufyata mkia chini ya tumbo, anaomba aachwe. Paka aliyelaza masikio amekwisha kusema. Mbwa anayehema kwa hofu hufungua kinywa, ulimi ukaning'inia, midomo ikavutika nyuma, na binadamu, ambaye hutafuta uso wake katika kila uso, anadhani anachekewa. Picha nyingi nzuri za kliniki ni picha za hofu zilizoitwa tabasamu. Daktari anayezitundika ukutani bila kuona hilo ananitia wasiwasi kuliko yule mwenye ng'ombe wa Uholanzi juu ya mlango, kwa kuwa huyu wa pili amekosa picha, na yule wa kwanza amekosa kusoma.

Kwamba jicho linaweza kumpenda mnyama na bado likamkosea, ni jambo ambalo kamera yenyewe ilitufundisha ilipokuwa bado changa. Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya walimchora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu ya mbele kwenda mbele na ya nyuma kwenda nyuma, tumbo linaelea juu ya nchi. Walikuwa watu walioishi na farasi, waliowapanda, waliowalisha. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, akatandaza nyuzi, na farasi wa tajiri Leland Stanford akapita mbio akizifyatua moja baada ya nyingine. Ikadhihirika kwamba kweli kuna nukta ambayo farasi hagusi ardhi kwa kwato hata moja, lakini ni pale miguu yote minne imekunjwa chini ya tumbo, si pale imenyooshwa. Ule mruko wa fahari uliochorwa kwenye kuta za watu wakubwa haukuwahi kutokea. Daktari wa mifugo anaishi na somo hilo kila siku. Mwenye punda anasema punda wake anachechemea mguu wa kulia, anaapa. Daktari anaomba punda atembezwe, anatazama kichwa, kwa sababu kichwa hupanda mguu wa mbele ulio mbovu unapogusa chini, na mara mguu ulioapiwa unakuwa mzima na ulioachwa ndio wenye jipu kwatoni. Wala mwenye punda hakuwa mwongo, alitazama kama wachoraji walivyotazama.

Wakati mwingine mnyama anakuwa nembo ya ulimwengu bila kujua, na hata bila kuwa hai. Mbwa maarufu kuliko wote katika historia ya biashara ni yule aliyeinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni. Aliitwa Nipper, alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1884, akafa mwaka 1895. Mchoraji Francis Barraud, aliyerithi ulezi wake kwa kaka yake aliyefariki, alimchora miaka mitatu baada ya mbwa huyo kufa, na kwanza alimchora akisikiliza mashine ya aina nyingine. Kampuni ya gramafoni ilipoitaka picha, mashine ikafutwa na yao ikachorwa juu yake. Mbwa akabaki palepale, akisikiliza kile alichowekewa. Kampuni iliyojitangaza kwa sura hiyo ndiyo iliyomrekodi mwimbaji wa Zanzibar, Siti binti Saad, huko Bombay mwaka 1928, na sauti ya Kiswahili ya mwanamke wa Fumba ikasafiri pwani nzima chini ya jina lililotokana na picha ya mbwa, kwa wasikilizaji ambao wengi wao wasingemruhusu mbwa kuvuka kizingiti. Sijui kisa kingine kinachoonyesha kwa ukamilifu namna hiyo jinsi mnyama asivyo na usemi juu ya umaarufu wake. Punda afe mzigo wa bwana ufike. Na mwingine anaendelea kubeba mzigo hata akiisha kufa.

Mtu atasema, basi kuna ubaya gani? Mbwa aliyekufa haumii kwa kuchorwa, na aliye hai haumii kwa kupigwa picha. Jibu limo katika kile ambacho picha hufanya kwa wale waliobaki. Mbwa wenye sura bapa, pagi na buldogi wa Kifaransa, walipendwa na watangazaji wa Uingereza kwa sababu uso wao unafanana na wa mtoto: macho makubwa, pua fupi, mashavu. Waliwekwa kwenye kadi, kwenye vikombe, kwenye matangazo ya benki. Watu wakawataka, wazalishaji wakawazalisha, pua ikazidi kufupishwa, na madaktari wakajikuta wakiwapasua mbwa ili wapate kupumua. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa mifugo cha nchi hiyo kiliwaomba wafanyabiashara waache kutumia sura za mbwa hao katika matangazo yao. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza juu ya kliniki zetu za mijini, ambazo baadhi yake zinawatundika mbwa haohao kwenye kurasa zao kwa kuwa wanapendeza. Daktari anayetangaza huduma zake kwa sura ya ugonjwa anaotibu ameingia kwenye biashara mbili zinazopigana.

Kuna picha nyingine za kliniki ambazo hakuna atakayezichapisha, na kwangu mimi hizo ndizo picha zenyewe. Ziko kwenye simu ya daktari. Zinaingia usiku, zimepigwa zizini kwa mkono unaotetemeka, nusu ya picha ni kidole, nusu ni giza, na chini yake maneno: daktari, tazama, hali tangu jana. Kinyesi chenye damu. Ulimi wenye malengelenge. Ndama wa ndigana kali, tezi ya chini ya sikio imevimba ngumi nzima, machozi yanamtoka, na kupe mwenye rangi ya kahawia aliyeuleta ugonjwa bado anaonekana pembeni ya picha, ananing'inia kwenye sikio bila habari. Kope ya mbuzi iliyogeuzwa kwa kidole gumba ili ionekane rangi yake ya ndani, kwa sababu minyoo inayonyonya damu huifanya kope ipauke kutoka nyekundu hadi nyeupe, na wafugaji waliofundishwa wanajua kuisoma. Hapo daktari anapata shida ambayo mpiga picha wa kulipwa angeielewa mara moja: taa ya njano ya zizini inamdanganya, kila kope inaonekana ya manjano. Anajibu, mtoe nje asubuhi, mpige tena juani, mkono wako usizibe. Asubuhi picha inarudi, mbaya vilevile, ila rangi ni ya kweli, na dawa inaandikwa.

Nikiziweka picha hizo kando ya zile zilizopigwa dirishani kwa lenzi ya gharama, ninaona kwamba zinafanya kazi zinazotofautiana. Ile nzuri humwita mtu aje, na hii mbaya humtibu mnyama wake. Nzuri imemwondoa mwenye mnyama ili mnyama apendeze. Mbaya ina kidole chake, kiatu chake, sauti yake ya hofu chini ya picha. Na nadhani kosa la matangazo yetu liko hapo, kwamba tumeiga usafi kiasi cha kuwafukuza watu. Koti jeupe lililopigwa pasi, mikono imekunjwa kifuani, stethoskopu shingoni isiyomgusa yeyote. Daktari wa mifugo ninayemjua mimi huvaa ovaroli na gambuti, mkono mmoja umeingia ndani ya ng'ombe hadi begani, uso umeegemea paja la mnyama na macho yamefumbwa kwa sababu anachokitafuta hakionekani kwa macho. Hiyo ni sura ya kazi. Haijawahi kuwekwa bangoni, labda kwa sababu tunaona haya, labda kwa sababu hakuna aliyemwambia daktari kwamba hapo ndipo anapopendeza.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ningependa kuamini, lakini udaktari wa mifugo unaipinga methali hiyo kwa nguvu. Kizuri chake kikubwa hakiwezi kujiuza kwa kuwa hakionekani. Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki ikafyeka ng'ombe kiasi kwamba jamii nzima za wafugaji zilisambaratika, na nyati na wanyama wengine wa porini wakafa pamoja nao. Kiasi cha miaka 60 baadaye, Muguga, nje kidogo ya Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ambayo kinga yake ilidumu maisha ya ng'ombe. Chanjo ikachomwa, mwaka hadi mwaka, kijiji hadi kijiji, na watu ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Mara ya mwisho ugonjwa ulionekana kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka haipo tena, ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu baada ya ndui. Sasa mpe mpiga picha kazi hiyo. Akapige nini? Ng'ombe aliyesimama malishoni, mzima, anacheua. Ndiye huyohuyo aliye kwenye kalenda ya mwaka jana. Hakuna kamera itakayoonyesha kwamba amesimama hapo kwa sababu kuna kitu hakikutokea.

Pengine inayokaribia ni picha ya chanjo ya mdondo. Mwanamke amemshika kuku wa kienyeji kwapani, kichwa kimegeuzwa upande, na juu ya jicho la kuku kuna tone moja linalokaribia kudondoka. Chanjo ile hutiwa jichoni, tone moja kwa kuku mmoja, haihitaji sindano wala daktari mwenyewe kuwapo, na mwanakijiji aliyefunzwa anaweza kulichanja banda zima kabla kuku hawajafunguliwa asubuhi. Kuku hafurahi. Ana sura ya mtu aliyeamshwa mapema. Lakini katika fremu moja unaona mikono, unaona dawa, unaona mnyama wa kwetu, na kama una jicho la subira unaona pia ugonjwa ambao hautakuja. Ningekuwa na kliniki ningeitundika hiyo juu ya mlango, nikamwondoa Mholanzi kwa heshima zote.

Liko suala la ruhusa pia, na sitalipita haraka ingawa wengi hulipita. Mnyama hawezi kuulizwa, lakini mwenye mnyama yupo. Wafugaji wengi hawapendi mifugo yao ihesabiwe hadharani, na pwani mtu anaweza kukukataza kumsifu mbuzi wake mnono pasipo kutanguliza mashallah, akihofia jicho. Tunaweza kucheka, lakini ndani ya hofu hiyo kuna adabu: mali ya mtu, na afya ya mali hiyo, ni siri yake. Mbwa mwenye upele aliyepigwa picha mezani akatundikwa mtandaoni kuonyesha kabla na baada, amebeba pia habari za nyumba alikotoka, na majirani wanamfahamu. Na wanyama hawaishi miaka mingi. Kliniki ikidumu, ukuta wake utajaa nyuso za marehemu. Mteja atakuja na mtoto wa mbwa, atainua macho, atamwona yule aliyemzika mwaka uliopita akitangaza chanjo kwa punguzo la bei. Wengine watafurahi kumwona. Wengine watageuka watoke nje. Daktari hawezi kujua ni yupi mpaka aulize.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa madaktari wa mifugo, na ni dogo. Mkikusanya fedha za kujitangaza mwaka huu, msimwachie fundi akatafute ng'ombe mtandaoni. Mwiteni mpiga picha wa mtaani kwenu siku ya josho au siku ya chanjo, mwambieni apige magoti, azime flashi, apige mikono yenu ikiwa kazini, na mnyama akionyesha hofu aweke kamera chini. Mwombeni mwenye mnyama ruhusa kabla ya kupiga, mwombeni tena kabla ya kutundika. Kisha mpeni nakala yake, iliyosafishwa kwenye karatasi, bila malipo.